Mpe kanga arobaini yake: kwa nini shamba safi mno halina ndege

Tangu habari za kuua kunguru zianze kusikika, barazani kwetu Mombasa kila mtu amekuwa bingwa wa ndege. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo, na toka siku ile kahawa hainyweki bila mtu kuuliza: kunguru wakiisha, ndege wetu watarudi?

Jioni moja ami yangu, ambaye ana shamba la ekari mbili upande wa Matuga, akaleta la kwake. "Mimi hao chiriku wenu siwataki," akasema. "Nataka kujua kanga wamekwenda wapi. Zamani asubuhi twawafukuza kwenye mbegu kwa makopo. Sasa hata unyoya huuoni."

Majibu yakamiminika. Wamemalizwa na mitego. La, wameliwa na kunguru. La, wamehamia Shimba Hills. Kijana mmoja akamshauri anunue vifaranga hamsini awafungulie shambani, watazaana wenyewe. Mwengine akauliza kama mayai ya kanga yanatibu sukari kama yale ya kware. Hapo nikaona kwamba kabla ya kujibu swali la ami, ni lazima kwanza tujue tunazungumzia ndege gani.

Ndege wa mawindo, kwa maana nyepesi, ni ndege wa porini ambao binadamu amewawinda kwa nyama tangu kale. Wako bata wa maji na njiwa pia, lakini wanaotuhusu leo ni wale wa jamii ya kuku: wanatembea zaidi ya wanavyoruka, wanachakura, na wanataga chini. Hilo la kutaga chini lishike, maana mambo mengi yanatoka hapo.

Kanga unamjua: mwili wa kijivu uliojaa madoa meupe, kichwa kitupu chenye kipembe juu. Husemwa kwamba vazi la kanga lilipata jina kwa madoa yake, ingawa sisi Mombasa twaliita leso na hatuna ugomvi na mtu. Ana binamu yake, kororo, mwenye shungi jeusi kichwani. Huyo ni wa msituni, wa Shimba Hills na Arabuko-Sokoke, na shamba la muhogo halimvutii sana. Kisha kuna kwale, ambaye wengi hulihusisha jina la mji wa Kwale naye. Ni mdogo kuliko kanga, rangi yake ni ya udongo na majani makavu, na utamsikia mara kumi kabla hujamwona mara moja. Wako wa aina kadhaa. Mmoja ana koo jekundu lisilo na manyoya; mwengine ana kishungi, na alfajiri dume na jike hulia kwa kupokezana haraka hivi kwamba ukiwa kitandani utadhani ni mke na mume wanagombania ufunguo.

Kware ndiye aliyevuruga mambo. Ni kidogo kama ngumi. Yule wa mayai, aliyewafanya Wakenya wengi wajenge mabanda mwaka 2013 kabla bei haijaporomoka, asili yake ni Asia Mashariki na alifugwa kwa muda mrefu Japani. Ni ndege wa banda kama kuku wa mayai. Tuna kware wetu wa porini, wanaohama wakifuata mvua na nyasi mpya. Waluo humwita aluru na wana ufundi wa zamani wa kumtundika mmoja kwenye kitundu juu ya mti mrefu ili sauti yake iwaite wenziwe. Lakini yule wa banda na huyu wa porini ni ndege wawili tofauti. Na kuhusu sukari, nenda kwa daktari.

Mafiga matatu

Wataalamu hupenda kusema "kusimamia makazi ya wanyamapori", na watu wakisikia hivyo hufikiria ua wa umeme na magari ya kijani. Makazi ni neno dogo tu. Ni mahali ambapo ndege anapata kila anachohitaji ndani ya umbali anaoweza kwenda bila kuliwa. Kusimamia makazi ni kupanga lini unafyeka, wapi unaacha, nini unanyunyizia na nini hunyunyizii. Mkulima anayasimamia makazi kila siku, ajue asijue. Anayepiga dawa mpaka mpakani ameyasimamia pia, ila kwa kuyafuta.

Chungu cha ndege hawa kinakaa juu ya mafiga matatu: mahali pa kutagia na kujificha, chakula cha kifaranga, na nafuu dhidi ya maadui. Ondoa figa moja, chungu kinamwagika, hata kama mawili yaliyobaki ni ya jiwe gumu kiasi gani. Ndiyo maana ubishi wa barazani hauishi. Wa mitego, wa kunguru na wa dawa kila mmoja amekamata figa lake na kudhani ndilo jiko zima.

Tuanze na la kutagia. Kanga jike hachimbi wala hasuki. Huparaza ardhi kidogo chini ya nyasi au kichaka akaweka yai, kwa kawaida moja kwa siku. Tuseme ametaga kumi au kumi na mawili. Baada ya hapo hulalia siku 26 hadi 28. Piga hesabu: toka yai la kwanza mpaka kifaranga cha kwanza ni siku arobaini, pungufu au zaidi kidogo. Sisi tunajua arobaini ni nini. Mzazi hatolewi nje, hapewi kazi nzito, analetewa uji mlangoni. Kanga naye anahitaji arobaini yake, na anaitaka wakati mbaya kabisa kwa mkulima, kwa sababu yeye hungoja mvua. Masika yakishika ndipo nyasi zinapoinuka na wadudu wanapojaa, naye ndipo anapotaga. Na ndipo vibarua wanapoingia na mapanga kufyeka pembezoni ili shamba lipendeze. Panga likipita kwenye kiota siku ya ishirini, hasara si mayai tu. Mara nyingi jike mwenyewe haondoki mpaka dakika ya mwisho.

Palizi ndani ya mahindi sina neno nayo, watu lazima wale. Ninachosemea ni ukingo: ule utepe wa nyasi na vichaka baina ya shamba na shamba, kando ya njia, kando ya mfereji. Hiyo ndiyo wodi yao ya uzazi.

Kifaranga hali mahindi

Hapa ndipo penye siri kubwa, na ndipo watu wenye nia njema wanapokosea. Ami aliwahi kumwaga mahindi kando ya shamba "ili warudi". Kanga mkubwa atakula mahindi, mtama, mbegu za magugu, hata ndago, ile mizizi ya mviringo inayowatesa wakulima wote wa pwani. Huichimba kwa mdomo na kuila. Lakini kifaranga cha wiki ya kwanza hakiwezi kuishi kwa punje. Kinaota manyoya haraka ili kiweze kuruka mtini, na manyoya ni protini tupu. Protini hiyo kinaipata kwa wadudu: mchwa, panzi wadogo, viwavi, mende wa shambani. Mama hamleti mdudu mdomoni kama afanyavyo shore. Kifaranga kinatembea siku hiyohiyo kinapototolewa na kujitafutia mwenyewe. Kwa hivyo wadudu wawe karibu, wawe wengi, na wawe mahali ambapo miguu yake mifupi inapita.

Mdudu naye anakula nini? Anakula magugu. Mnyororo huu ulifunuliwa vizuri Uingereza, ambako wana ndege wa kijivu anayefanana na kwale wetu. Idadi yake ilikuwa inaanguka na kila mtu ana lake la kusema, kama sisi barazani. Mwaka 1968 mtafiti Dick Potts alianza kuwafuatilia katika mashamba ya Sussex. Alichokiona ni kwamba dawa ya magugu haikuwa ikiua ndege. Ilikuwa ikiua majani madogo yanayoota chini ya ngano. Majani yakiondoka, wadudu wanaondoka. Na vifaranga vinakufa kwa njaa katikati ya shamba la kijani. Mtu anayepita barabarani anaona ngano imestawi, hawezi kujua kwamba kwa kifaranga lile ni jangwa.

Suluhisho walizozipata kule si za ajabu. Wakulima waliombwa waache kunyunyizia ukanda wa mita chache pembeni mwa ngano. Kwengine wakajenga tuta la nyasi kukata shamba kubwa katikati, wadudu wajifiche humo wakati wa baridi. Marekani serikali ilikwenda mbali zaidi: tangu 1985 inawalipa wakulima pango la miaka 10 hadi 15 ili waache sehemu ya ardhi yao kuwa nyasi. Lengo la mwanzo lilikuwa hasa kuokoa udongo, lakini ndege wa mawindo ni miongoni mwa waliofaidi.

Sasa lazima tuambizane ukweli. Mwingereza na Mmarekani wanavumilia magugu yale kwa sababu mwisho wa msimu kuna bunduki: watu wanalipa kuja kuwinda, na shamba lenye ndege lina thamani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, ingawa ndege waliendelea kupigwa kwa leseni kwa miaka kadhaa baadaye, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inamkataza mtu kuwinda hata kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani. Siupingi uamuzi huo. Nasema tu kwamba mkulima wa Matuga anaombwa kumtunza ndege ambaye hawezi kumla wala kumuuza, na hakuna anayemletea hundi. Anayekuja kumhubiria aanze na hapo.

Kwani ni ardhi kiasi gani?

Ami alidhani namwambia aache nusu shamba. Tukachukua karatasi. Ekari mbili ni kama mita za mraba 8,100. Shamba likiwa mraba, kila upande ni mita 90. Ukiacha upande mmoja tu utepe wa upana wa mita tatu, umetoa mita za mraba 270, yaani asilimia tatu na kidogo. Aghalabu ni mistari ya mwisho ileile ambayo mahindi yake hudumaa kwa kivuli cha miembe ya jirani.

Faida yake si ndege peke yake. Utepe wa nyasi hukamata udongo mvua kubwa ikishuka, na ndani yake wanaishi buibui na mende wanaokula wadudu waharibifu. Kanga wenyewe hula kupe, ingawa wale wanaokwambia wafuge kanga usahau kuogesha ng'ombe wanakudanganya, wanapunguza, hawamalizi. Na haki ya mkulima isemwe pia: kanga huchimbua mbegu za mahindi zilizopandwa juujuu. Makopo ya zamani ya ami hayakuwa ya bure. Siku zile chache mpaka mche ujitokeze, wafukuze kwa kelele, weka mtoto wa kulinda. Usitie mbegu sumu. Hata mbegu za duka zilizotiwa dawa, zile za rangi, zifukiwe vizuri, maana zikibaki juu zinaua.

Lakini kuacha utepe si kuacha pori. Viko viwanja Likoni na Kisauni vimekaa miaka bila mtu, vimejaa nyasi zilizosongamana mpaka paka hapiti, na ndege wa chini hamna. Kifaranga kikisukumana na nyasi nzito zenye umande kinalowa, na kikilowa kinakufa kwa baridi, hata Mombasa hii hii ya joto. Anachotaka ni kitu kama barabara zetu za Mji wa Kale: juu pamefunikwa na roshani, chini pana njia ya kupita. Mashina ya nyasi yaliyoachana, kichaka cha mkwamba hapa na pale, kipande cha mchanga mtupu ambapo atajigaragaza kwenye vumbi kuondoa chawa, na mti mmoja mkubwa, kwa sababu kanga halali chini usiku. Mkorosho mzee unatosha.

Ili nyasi zisisongamane, fyeka, ila kwa zamu: nusu ya utepe mwaka huu, nusu nyengine mwaka ujao, na iwe baada ya vifaranga vya masika kukua na kabla ya vuli. Moto ni hivyohivyo. Kule Georgia na Florida, Marekani, wanachoma misitu ya misonobari makusudi ili kumfaa kware wao, kwa hivyo moto wenyewe si laana. Laana ni kuchoma kila kitu siku moja, kilima kizima, ndege akatoka na asipate pa kukimbilia.

Kunguru, na vifaranga hamsini

Turudi kwenye figa la tatu. Kunguru anayesumbua ni yule wa shingo ya kijivu, mgeni kutoka Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kuandikwa kuonekana Mombasa mwaka 1947. Usimchanganye na kunguru wa kifua cheupe, huyo ni mwenyeji. Mgeni huyu anakula mayai na vifaranga, na figa hili ni la kweli. Lakini tazama alikojaa: anaifuata takataka. Penye jaa pana kunguru, na anayetupa matumbo ya samaki ukingoni mwa shamba amemwalika mwenyewe. Kazi ya sumu waachiwe wenye ujuzi na kibali; sumu ya mtaani haichagui shingo.

Wako na wengine: nguchiro, kanu, ngawa, paka aliyetupwa. Hao wote huwinda kwa kufuata ukingo mwembamba, na ndiyo maana utepe wa nusu mita ni mtego badala ya maficho. Mita tatu afadhali, tano bora. Mahindi ya kumwaga nayo huwaita maadui mahali pamoja kila siku, kama watu wanavyojua muuza viazi karai anasimama wapi. Na mahindi yenye ukungu usimpe ndege wala mtu. Sumukuvu inaua wote.

Na wale vifaranga hamsini? Wahenga walisema kanga hazai ugenini, na kwa jambo hili walikuwa karibu sana na ukweli. Kifaranga cha banda hakikufundishwa na mama kunyamaza kivuli cha mwewe kikipita. Hakijui kupanda mti. Kinaweza kuleta ugonjwa wa mdondo kutoka banda la kuku hadi porini. Isitoshe, kufuga ndege wa porini kunataka kibali cha KWS, na kuwakamata ili uanzie banda lako ni kosa. Hata wakinusurika wote, wamefunguliwa katika shamba lilelile lisilo na wadudu wala pa kutagia, lililowashinda wale waliozaliwa humo.

Anza na makazi, wanyama watafuata. Kule Bamburi, machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji yalikuwa kama mwezi: mwamba mtupu. Mwaka 1971 René Haller alianza kwa kupanda mivinje, kisha akaleta majongoo wa kula majani yake makavu, nao wakatengeneza udongo. Wanyama wakubwa ambao watalii wanawapiga picha leo walikuja nyuma ya jongoo.

Ami alisikiliza yote, akauliza moja tu: "Na jirani akiona magugu, atasema mimi mvivu?" Atasema. Kwa hivyo tulikubaliana utepe uwe upande wa miembe, mbali na njia, na ukingoni mwa utepe apande kunde mistari miwili ili uonekane wa makusudi. Vuli iliyopita hakufyeka. Mwezi mmoja baadaye akanirushia sauti kwenye simu saa kumi na moja na nusu alfajiri, mchakacho mtupu, kisha mke na mume wa kwale wakigombania ufunguo. Kanga bado.